Kazi Nne za Soda Kariakoo

Naomba nikae nawe kwa muda mfupi tuzungumze kuhusu soda, na hasa namna ya kuachana nayo. Najua wengi mnanisikiliza mkiwa kazini: kwenye maduka ya Mtaa wa Kongo na Aggrey, kwenye meza za nguo pembeni mwa Msimbazi, ndani ya daladala, au mnasukuma guta lililojaa marobota. Najua pia kwamba baadhi yenu mna chupa mkononi sasa hivi. Sikuja kumgombeza mtu. Nimekuja na hoja moja ninayoiamini, na naomba uipime.

Hoja yenyewe ni hii. Watu wengi wa mjini wanaojaribu kuacha soda hushindwa kwa sababu wanaichukulia kuwa ni tamaa ya ulimi tu. Wanajiapiza Jumatatu, Alhamisi wameirudia, kisha wanajiona hawana msimamo. Mimi nasema wanajionea bure. Hapa Kariakoo soda imepewa kazi nne. Inakata kiu, inashika nafasi ya chakula, inamwamsha aliyechoka, na inabeba heshima ya mgeni. Kinywaji chenye kazi nne hakiondoki kwa kiapo. Kila kazi lazima ipate mrithi wake.

Kabla ya kuzitazama kazi hizo, tujue kilichomo ndani ya chupa. Soda nyingi za kola za kawaida zina takriban gramu 10 na nusu za sukari katika kila mililita 100. Chukua chupa ya kioo ya mililita 350: hapo kuna gramu kama 37, yaani vijiko vya chai 9, tukihesabu gramu 4 kwa kijiko. Chupa ya plastiki ya nusu lita inafika vijiko 13. Ukimwona mwenzako anatia vijiko tisa vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai, utamshika mkono umuulize ana nini. Kwenye soda hatuvioni vijiko hivyo, na ubaridi pamoja na asidi huuficha utamu. Ndiyo maana soda ikishapata moto inachefua; sukari ni ileile, ila sasa ulimi unaionja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko 6. Soda moja ya saa saba mchana imekwisha kuvuka mpaka huo, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi, maandazi, wala chai ya jioni.

Tena sukari ya kunywa haishibishi. Mtu anamaliza soda, na sahani yake ya wali inabaki kuwa ileile. Sukari inaingia kwenye damu kwa haraka, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi kuifukuzia, na ile inayozidi ini linaigeuza kuwa mafuta. Mwaka 2010 watafiti walikusanya pamoja tafiti zilizofuatilia zaidi ya watu 300,000. Waliona kwamba wanaokunywa vinywaji hivi mara moja au mbili kwa siku wana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyo kubwa kwa asilimia 26 kuliko wasiokunywa au wanaokunywa kwa nadra sana. Wazee walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa buyu linalomalizwa ni mwili.

Labda utasema hizo ni habari za wenzetu wa ng'ambo. Basi turudi nyumbani. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha kazi ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwemo Profesa Andrew Swai, waliopima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wakalinganisha kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro, na Ilala, hatua chache tu kutoka hapa sokoni. Shari walikuta wenye kisukari chini ya watu 2 kati ya 100. Ilala walikuta karibu watu 6. Kisha mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa uliwakuta kama watu 9 kati ya 100 miongoni mwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Umri wa waliopimwa na njia za upimaji zilitofautiana, kwa hiyo namba hizi haziwezi kupangwa kama ngazi za nyumba moja. Lakini mwelekeo wake hauhitaji mtaalamu wa kuusoma.

Kuna utafiti mwingine ambao kila anayeshuka kwenye basi na begi lake kuja kutafuta maisha Dar es Salaam angepaswa kuusikia. Ulichapishwa mwaka 2010. Watafiti waliwapima watu wa vijiji vya Morogoro kabla hawajahamia jijini, kisha wakawafuata huku wakaendelea kuwapima. Baada ya miezi 12, wanaume kwa wanawake, uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na kazi za kutoa jasho zilikuwa zimepungua. Ni watu walewale waliozaliwa na wazazi walewale. Kilichobadilika ni mazingira. Sidai kwamba soda peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Kuna mafuta ya chipsi, kuna kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi usiku, kuna usingizi mfupi. Lakini katika yote hayo, soda ndiyo iliyo rahisi kuiondoa, kwa sababu mwili hauhitaji hata tone lake. Chakula hatuwezi kukiacha, jiji hatuwezi kulihama sote, ila soda tunaweza kuiacha leo.

Sasa tuziangalie kazi zake nne.

Ya kwanza ni kiu. Kati ya Desemba na Machi Kariakoo inachemka. Juu bati, chini lami, pembeni moshi wa magari, na watu bega kwa bega. Katika joto hilo, kitu cha kwanza kukuona ni friji lenye mlango wa kioo na taa ndani, limewekwa mbele kabisa ya duka, chupa zimepangwa zinatoa jasho. Maji yapo, lakini mara nyingi yako safu ya chini. Ukingoja mpaka koo likauke, utanunua kile unachokiona kwanza. Kwa hiyo dawa ya kiu inaanza nyumbani. Chemsha maji usiku, yapoze, yajaze kwenye chupa kubwa, na ukitaka weka kipande cha ndimu au tangawizi iliyopondwa. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakushika. Ukitaka kitu chenye ladha, mwite muuza madafu na baiskeli yake. Dafu lina sukari yake ya asili, ila kwa ujazo uleule ni kama theluthi tu ya ile ya kola.

Hapa nina tahadhari kubwa. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua mwili bila sababu na macho kuingiwa na ukungu ni dalili za kisukari. Wapo watu ambao kiu hiyo huizima kwa soda, moja baada ya nyingine, na kila chupa inazidi kuipandisha sukari iliyokwisha kupanda. Ukiona dalili hizo, nenda kituo cha afya upimwe. Ni tone moja la damu kwenye kidole.

Kazi ya pili ni njaa. Wengi wetu tunakijua chakula cha mchana cha aliyebanwa na kazi: soda na skonzi, soda na keki, soda na andazi. Kijana aliyeshusha mzigo tangu alfajiri anakula hicho akiwa amesimama. Dada wa dukani ambaye bosi wake hampi nafasi ya kutoka anakula hicho nyuma ya kaunta. Siwalaumu. Ni chakula cha haraka, hakichafui mikono wala bidhaa, na kinatia tumbo uzito kwa saa moja. Baada ya saa hiyo mwili unashuka, njaa inarudi, na mkono unatafuta chupa nyingine. Mrithi wa kazi hii ni chakula chenyewe. Kariakoo hakuna uhaba wa chakula: yai la kuchemsha na kachumbari linapita mkononi mwa mchuuzi, muhogo wa kuchemsha upo, karanga zipo, ndizi mbivu na machungwa ya Muheza yapo. Na kwa mama ntilie, sahani ya ugali, maharage na mchicha itakufikisha jioni. Wewe mwenye duka, mwachie kijana wako nusu saa akale. Atauza vizuri zaidi alasiri.

Kazi ya tatu ni uchovu, na hapa soda imeletewa ndugu zake, vinywaji vya kuongeza nguvu. Dereva wa bodaboda, dereva wa lori, vijana wanaopakua makontena usiku, wanavinywa wakiamini vinawajenga. Ndani yake kuna mambo mawili: sukari, mara nyingi kwa kiwango cha soda au zaidi, na kafeini nyingi kuliko ya kola. Nguvu unayoisikia ni deni. Kafeini inaufunika uchovu, haiuondoi, na ikiisha unaanguka chini zaidi. Mrithi wa kwanza wa kazi hii ni usingizi, na hauna mbadala. Wa pili tunaye pwani yote hii tangu enzi za babu zetu: kahawa chungu, ya birika na jiko la mkaa, kwenye kikombe kidogo, bila sukari hata chembe. Kashata kula moja kwa siku maalumu, usiifanye sharti la kila kikombe. Na kahawa isivuke alasiri, la sivyo itaula usingizi wako wa usiku, na kesho utaamka na uchovu uleule.

Kazi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni heshima. Mteja akifunga mzigo mkubwa, awe ametoka Mbeya, Lubumbashi au Moroni, mwenye duka anamtuma kijana mbio: mletee mama soda ya baridi. Ukienda kutoa pole msibani, kreti imeshatangulia. Ukweni, ofisini, kwenye kikao cha harusi, chupa inafunguliwa mbele yako kabla hujasema unataka nini. Nyuma ya chupa ile kuna upendo wa kweli, na sitaki tuupoteze. Mtu anatoa alichonacho ili ujisikie umekaribishwa. Ndiyo maana kuikataa kunauma pande zote mbili.

Lakini tazama tulipofika. Mtu mwenye afya njema akisema hanywi soda, anaambiwa anaringa, au anaulizwa kama ameingia dini mpya. Akisema daktari amenikataza, nina sukari, papo hapo watu wote wanamwelewa, wanampa pole na maji. Maana yake tumejiwekea utaratibu ambao mtu lazima augue kwanza ndipo aruhusiwe kunywa maji kwa amani. Utaratibu huo lazima tuuvunje, na kuuvunja ni kazi ya mwenyeji kabla ya mgeni. Mwenyeji, badilisha mpangilio wa maneno yako. Uliza: nikuletee maji, dafu, au kahawa? Usiitaje soda kwanza, na usiifungue kabla ya kujibiwa. Nawe mgeni, pokea ukarimu kabla ya kukataa kinywaji. Sema: ahsante sana mwenyeji wangu, nimefurahi, naomba maji ya baridi. Yapokee kwa mikono miwili na uyanywe mbele yake. Hakuna atakayesema umedharau.

Kamati za harusi na za misiba nazo nazisihi. Katika bajeti yenu maji yaandikwe mstari wa kwanza, na yawe ya kutosha, yawe ya baridi, yafike mezani mapema. Wekeni matunda yaliyokatwa. Wageni watakula na kushukuru.

Neno kuhusu juisi, maana wengi wanaoacha soda wanakimbilia huko. Juisi ya miwa, hata ikitiwa ndimu na tangawizi, sukari yake haipungui ya soda. Juisi ya embe, ubuyu au ukwaju iliyomiminiwa sukari kwa kikombe ni soda isiyo na gesi. Ukiitaka, itengeneze mwenyewe, nyepesi, na uionje kabla ya kutia sukari. Bora zaidi, kula tunda zima: nyuzinyuzi zake huizuia sukari kuingia kwa pupa, na ni vigumu mtu kula machungwa matano kwa mkupuo, ilhali kuyanywa ni dakika moja. Soda zisizo na sukari zinaweza kumsaidia mtu katika siku za kuhama, lakini zinauacha ulimi ukidai utamu uleule, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu hivyo visitegemewe katika kudhibiti uzito.

Sasa utaanzaje? Chagua kazi moja kati ya nne, ile inayokuuzia soda nyingi zaidi, na uitafutie mrithi wiki hii. Ikishakaa sawa, nenda kwenye ya pili. Anayekunywa tatu kwa siku ashuke hadi mbili, kisha moja, kisha abakishe ya sikukuu. Ukiiacha kola ghafla, kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu kwa sababu ya kafeini, hiyo hupita. Huko London, mtafiti Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la kawaida, wengine siku 18 tu, na kwa wengine ilikadiriwa kufika siku 254. La kutia moyo ni kwamba aliyekosa siku moja hakuharibu kitu, ilimradi aliendelea kesho yake. Kwa hiyo ukinywa moja harusini Jumamosi, usiseme yameisha. Jumapili endelea.

Piga na hesabu ya mfuko. Tuseme soda zako zinakula shilingi 1,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 39,000, na kwa mwaka ni shilingi 468,000. Weka bei ya duka lako uone jibu lako. Kisha ifikirie gharama ya upande wa pili: vidonge vya kila siku, safari za kliniki, siku ambazo duka halikufunguliwa.

Mwili nao uusogeze. Anayekaa dukani kutwa ashuke kituo kimoja kabla, atembee. Viwanja vya Mnazi Mmoja viko jirani, na vikundi vya kukimbia asubuhi za wikiendi vimejaa jijini, havichagui umri wala umbo.

Watoto ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akipewa soda kila anaponyamaza, kila anapofaulu, kila Jumapili, anajifunza kwamba furaha ina kizibo. Mpongeze kwa tunda, kwa mpira, kwa muda wako. Na meno yake yatakushukuru, kwa sababu sukari na asidi hushambulia meno kwa pamoja.

Yote haya hayawezi kuachwa kwa mtu mmoja mmoja. Meksiko ilianza kutoza kodi ya peso 1 kwa kila lita ya vinywaji vyenye sukari Januari 2014, na mwaka huo huo manunuzi yalishuka. Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kutoza kulingana na kiasi cha sukari, ikihesabu kila gramu inayozidi 4 katika mililita 100, na viwanda vikapunguza sukari ili visilipe. Sisi nasi tunaweza kudai mjadala wa kodi kama hizo, na tunaweza kudai maji safi ya kunywa kwenye kila shule na kila soko. Wakati tunangoja, mwenye duka anaweza kufanya jambo moja leo: yapandishe maji hadi safu ya usawa wa macho.

Nimalize na tahadhari kwa wanaoishi na kisukari. Anayetumia insulini au vidonge akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, sukari yake huenda imeshuka, na hapo anahitaji kitu chenye sukari mara moja, hata soda. Hiyo ni huduma ya kwanza, apewe kama bado anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitali. Na usibadili dawa zako kwa kusikia redioni. Zungumza na daktari wako.

Kwa wengine wote nina ombi moja. Leo jioni kabla hujafunga duka, jiulize soda ya leo ilifanya kazi gani kati ya zile nne. Kesho mpe kazi hiyo mwingine: maji, chakula, usingizi, au neno jema kwa mgeni. Na wiki hii nenda kapime sukari, ukimshika mkono mmoja wa nyumbani mwako mwende naye.